Mwanafunzi wa Chuo na Mambo Yamsaidiayo



Kila mwaka, miezi ya Oktoba na Novemba iingiapo, vijana wa kiume na wa kike huondoka katika milima ya Umatengo, na wengine hupanda kutoka Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wakaingia katika mabasi yaendayo Songea, na kutoka hapo wakaelekea Iringa, Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam. Wanakwenda vyuoni. Mabegi yao ni mepesi, lakini mzigo waliouchukua ni mzito, maana nauli na karo ya kijana wa Mbinga mara nyingi imetoka katika kahawa ya mwaka mzima ya baba na mama yake, na pengine katika kahawa ya wajomba pia. Yule wa ufukoni amesomeshwa kwa dagaa waliovuliwa usiku kwa taa.

Wengi wao hufaulu. Wengine hurudi nyumbani kabla ya wakati, nao wakiulizwa sababu husema kwamba masomo yalikuwa magumu. Mimi ni mwalimu katika chuo cha dini kilichoko nje ya nchi yetu, na kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Katika miaka yote hiyo nimewaona wachache sana walioshindwa kwa kukosa akili. Waliobaki walishindwa kwa mambo mawili: waliahirisha, na walificha. Waliahirisha kazi ya leo mpaka msimu wake ukapita, na walificha yale wasiyoyaelewa mpaka yakawa mlima. Juu ya mambo hayo mawili ndipo napenda tuzungumze, ewe kijana unayejiandaa kwenda chuoni, nawe mzazi unayemsomesha.

Kwanza niondoe shaka moja. Baadhi ya ndugu wanaoichunguza dini yetu, na hata wengine waliokwisha ingia, huuliza kama kijana akijitia sana katika elimu ya dunia hatapoteza imani yake. Jibu ni fupi. Katika Sura Ta Ha, Mwenyezi Mungu Mwenyewe anamfundisha Mtume Mtukufu (s.a.w.) dua ya kuomba azidishiwe elimu. Ikiwa yeye aliyepewa Kurani aliamriwa kuomba zaidi, sisi ni nani hata tuseme kwamba tumetosheka? Kijana asomaye uuguzi, kilimo au uhandisi kwa nia ya kuwafaa watu, kusoma kwake ni ibada.

Sasa na turudi mashambani. Ndugu msomaji, kama umezaliwa Mbinga huna haja ya kufundishwa ngoro, lakini wasomaji wetu wa mbali huenda hawaijui. Milima ya Umatengo ni mikali na mvua yake ni nyingi. Mtu akilima ovyo mtelemkoni, mvua moja kubwa yaweza kuuteremsha udongo wake wote hadi mtoni. Wamatengo waliipatia shida hiyo dawa yao wenyewe, nayo wameitumia kwa zaidi ya miaka mia moja. Mvua zikielekea mwisho wanaume hufyeka nyasi, wakaziacha zikauke, kisha huzilaza chini kwa mistari inayokatana, hata shamba zima likawa kama kitambaa kilichochorwa miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuutupia juu ya nyasi za pande zote, nyasi zikafukiwa. Katikati linabaki shimo, na kandokando yake unakuwapo ukingo wa udongo. Juu ya ukingo hupandwa maharage. Mvua ikinyesha, maji huingia mashimoni yakatuama, yasipate nafasi ya kukimbia na udongo. Na zile nyasi zilizofukiwa huoza polepole zikawa mbolea. Maharage yakisha kuvunwa, na mvua za msimu unaofuata zikianza, mahindi hupandwa juu ya kingo zile zile.

Waingereza waliandika habari za ngoro katika miaka ya 1930, na katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja Mbinga kuichunguza. Kijana wa Mbinga unayeogopa maprofesa, liangalie vizuri jambo hilo: maprofesa walikuja kujifunza kwa mama zetu.

Nimeeleza ngoro kwa urefu kwa sababu sijaona mfano ulio bora kuliko huo kwa mwanafunzi. Yale mahindi yanayomshibisha mtu mwaka huu yalianza kulishwa mwaka jana, kwa nyasi ambazo aliyepita njiani hakuweza kuziona kwa kuwa zilikuwa chini ya udongo. Hakuna mkulima wa Umatengo afukiaye nyasi usiku wa kuamkia mavuno. Lakini mwanafunzi wa chuo, ambaye ni mtoto wa mkulima huyo huyo, hufanya hivyo bila haya. Wiki kumi na mbili anapita karibu na daftari lake kama mtu apitaye karibu na jirani aliyemkosea. Wiki ya kumi na tatu anachemsha chai nzito, anakesha siku tatu, anaingia katika chumba cha mtihani macho yakiwa mekundu, naye hushangaa kwamba aliyoyasoma jana usiku hayapo.

Kwa nini hayapo? Jambo hili limechunguzwa. Mjerumani mmoja aitwaye Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka, akihifadhi silabi zisizo na maana na kuangalia zinavyomtoka, na mwaka 1885 alitoa kitabu juu ya matokeo yake. Aliona kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imekwisha potea, na baada ya siku moja kilichobaki kilikuwa kiasi cha thuluthi moja. Lakini aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hudumu kuliko marudio yale yale yakilundikwa siku moja.

Uchunguzi mwingine ulifanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2006 na wataalamu wawili, Roediger na Karpicke. Waliwapa wanafunzi kipande cha maandishi. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja tu, kisha likafunga karatasi na kujaribu kuandika kwa kukumbuka, mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: wale waliosoma mara nne walikumbuka kiasi cha asilimia 40, na wale waliojijaribu walikumbuka asilimia 61. Tena, na hili ndilo la kuogopwa, waliokuwa na matumaini makubwa zaidi ya kukumbuka ni hao waliosoma mara nne. Yaani kusoma tena na tena kwa macho humfanya mtu ajione anajua, kumbe amezoea tu sura ya ukurasa.

Wazee wetu wa madrasa hawakuwa na habari za uchunguzi huo, lakini waliijua kazi yenyewe. Mwanafunzi ahifadhiye Kurani Tukufu haachwi aangalie tu msahafu. Hukaa mbele ya mwalimu, akaufunga, akasoma, akakosea, akasahihishwa. Na kesho hapewi jipya mpaka amerudia la jana. Basi, fanya hivyo na somo lako la kemia au sheria. Jioni ya siku ile ile uliyofundishwa, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika yote unayoyakumbuka. Kisha fungua na ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki moja. Nusu saa yatosha kwa somo moja. Kazi hii haipendezi, kwa sababu karatasi tupu hukuonyesha ujinga wako. Lakini ni afadhali kuonyeshwa na karatasi wiki ya pili kuliko kuonyeshwa na msimamizi wa mtihani.

Nimesema jambo la pili ni kuficha, na hili huwapata zaidi vijana wetu wa kusini. Mtoto aliyesoma katika shule zetu nyingi za msingi amefundishwa kwa Kiswahili. Sekondari amekutana na Kiingereza. Na sasa chuoni anamsikia mhadhiri akisema kwa haraka, mbele ya watu mia mbili au mia tatu, maneno ambayo hakuwahi kuyaona. Anaketi nyuma kabisa. Anaandika asichokielewa. Mwenzake wa mjini anacheka, naye anadhani anachekwa yeye. Akirudi bwenini hasemi neno, na wiki zikipita aibu yake inaongezeka, kwa maana swali ambalo wiki ya kwanza lingekuwa dogo, wiki ya tisa linaonekana kama ungamo.

Tena kuna adabu ya nyumbani. Kwetu mtoto mwema husikiliza wakubwa wanaposema, wala hamkatizi mzee. Sisemi adabu hiyo ni mbaya; mimi mwenyewe nilileleka kwayo na nawalea wanangu kwayo. Lakini mwalimu wa chuo ameajiriwa ili aulizwe. Kunyamaza kwako hakumpi heshima. Kunamfanya adhani kwamba ameeleweka, akaendelea mbele na kukuacha. Kuuliza si ujinga, wazee wenyewe ndio waliosema.

Ila kuna namna ya kuuliza. Mwanafunzi anayekuja kwangu akasema, “Mwalimu, sikuelewa chochote,” sijui nimsaidie wapi. Bali yule asemaye, “Nimefuata mpaka mstari huu, hapa ndipo nilipopotea,” huyo nusu ya kazi amekwisha ifanya, nami humjibu kwa furaha. Kwa hiyo andika swali lako kabla ya kwenda. Tafuta saa ambazo mwalimu amezitenga kwa ajili ya kuonana na wanafunzi, ambazo mara nyingi hubandikwa mlangoni. Utashangaa jinsi ambavyo mlango huo hauna foleni. Na maneno ya Kiingereza usiyoyajua yaandike katika kijitabu, maneno matano kwa siku, kila neno pamoja na sentensi uliyoitunga mwenyewe. Katika muhula mmoja utakuwa na maneno kama mia tano, nayo ni mengi kuliko unavyodhani.

Mtu wa pwani ya Nyasa asidhani kwamba njia hii haijapitwa. Oscar Kambona alizaliwa mwaka 1928 katika kijiji cha Kwambe, karibu na Mbamba Bay, mtoto wa padri wa Kianglikana. Inasimuliwa kwamba masomo yake ya kwanza aliyapata nyumbani, chini ya mwembe. Kutoka hapo alikwenda shule ya Liuli, kisha Dodoma, kisha Tabora, na baadaye London kusomea sheria. Mwaka 1960 alikuwa Waziri wa Elimu wa Tanganyika. Mambo ya siasa yaliyomkuta baadaye si maudhui yetu leo. Ninalotaka ulione ni hili: husimuliwa pia kwamba karo ya Dodoma ilipomshinda baba yake, askofu alikubali kuilipa baada ya kumsikia mtoto huyo akisoma Sala ya Bwana kwa Kiingereza. Sisi na askofu yule hatuafikiani katika itikadi, lakini kisa hiki chanifurahisha kila nikikumbuka. Mtoto wa kijijini alisimama mbele ya mtu mzima mgeni, akafungua kinywa katika lugha isiyo yake. Angenyamaza kwa haya, nani angejua kuna nini ndani yake?

Sasa niseme kidogo juu ya wakati. Ndugu uliyeingia katika Uislamu karibuni, labda unaona Sala tano kuwa mzigo kwa mtu mwenye masomo mengi. Mimi naona kinyume chake. Mwanafunzi wa chuo huharibikiwa kwa kuwa siku yake haina vigingi: hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu, saa nne asubuhi na saa nne usiku zafanana. Sala ni vigingi vitano vilivyokwisha pigwa. Baada ya Alfajiri, wenzako wakiwa bado wamelala, una saa moja na nusu ya utulivu ambayo hakuna atakayekunyang'anya; liweke hapo somo lako gumu kuliko yote. Baina ya Alasiri na Magharibi fanya kazi ya vitabu vya maktaba. Baada ya Isha rudia ya mchana kwa karatasi tupu, kisha ulale. Usidharau usingizi, akili hupanga vitu vyake wakati mwili umelala, na aliyekesha huingia katika mtihani kama mvuvi aliyeacha nyavu nyumbani.

Marehemu Profesa Abdus Salam, ambaye mwaka 1979 alipata tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Glashow na Weinberg, alijulikana kwa desturi hii ya kulala mapema na kuamka kabla ya mapambazuko ili afanye kazi. Alizaliwa mwaka 1926, akakulia Jhang, mji mdogo wa Punjab. Alipokwenda Cambridge mwaka 1946, alikwenda kwa ufadhili wa mfuko wa jimbo uliowekwa kwa ajili ya watoto wa wakulima wadogo. Mtoto wa mkulima wa kahawa na azingatie hilo.

Juu ya fedha nitasema machache. Wengi siku hizi hupata mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, na fedha za kujikimu wanafunzi wenyewe huziita “bumu”. Nimewasikia vijana wakisimulia kwa kicheko jinsi bumu lilivyokwisha kwa wiki mbili, simu mpya ikanunuliwa, na wiki sita zilizobaki wakaishi kwa kukopa chipsi. Mwenye njaa hasomi. Siku fedha ziingiapo, ondoa kwanza chakula mpaka mwisho, na nakala za vitabu. Kinachobaki ndicho chako. Simu nayo, ukisoma, iweke chumba kingine. Usiseme, “Nitaigeuza tu kifudifudi.” Nimejaribu mimi mwenyewe, na umri wangu si wa ujana tena, lakini mkono unaifuata.

Na marafiki? Chagua wawili au watatu ambao mtakutana kila Jumamosi na kufundishana kwa zamu. Asiyeweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili chepesi jambo alilofundishwa kwa Kiingereza, bado hajalielewa.

Nimalizie na jambo ambalo ningependa kulipita, kwa kuwa lanihusu. Katika mwaka wangu wa pili wa masomo nilishindwa mtihani wa sarufi ya Kiarabu. Sikushindwa kidogo. Nilikuwa nimehifadhi kanuni bila kuzielewa, na nilikuwa sijamwuliza mwalimu hata swali moja tangu mwaka uanze. Baba yangu alikuwa na shamba la kahawa upande wa milimani, naye alikuwa ameuza sehemu ya mavuno kwa ajili ya safari yangu. Kwa muda wa miezi minne niliandika nyumbani kwamba masomo yanaendelea vizuri. Kila barua ilinigharimu usingizi wa usiku mmoja, na usingizi huo niliuhitaji kwa ajili ya sarufi. Mwishowe nilimwandikia ukweli, nikakaa kungojea ghadhabu yake. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa dada yangu mdogo, maana baba hakuwa mwepesi wa kalamu. Aliuliza mambo mawili tu: mtihani wa marudio utakuwa lini, na kama kuna kitabu kinachotakiwa kununuliwa.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa mwalimu. Aliniambia nimletee sentensi kumi kila siku baada ya Alasiri, nimezichambua mwenyewe, naye atasahihisha. Tulifanya hivyo kwa wiki saba, nami nikapita kwa alama chache juu ya mpaka.

Basi ewe kijana, zisome kanuni za chuo chako katika wiki ya kwanza, ujue ni alama ngapi zinazotakiwa, ni masomo mangapi mtu anaruhusiwa kuyarudia, na marudio hufanywa mwezi gani. Ukishindwa somo, usingoje muhula mwingine uanze. Nenda kwa mwalimu wa somo hilo kabla ya wiki kwisha, ukiwa na karatasi yako ya majibu kama inaruhusiwa kuonwa. Na jioni ile ile piga simu Mbinga, au Lituhi, au po pote walipo wazazi wako. Wataje somo, wataje alama ulizopata, na waambie tarehe ya marudio.